Soksi Sablani

Thuwaini alikuwa na siri ndani ya soksi ya mguu wa kulia, na siri yenyewe ilikuwa imeanza kunuka.

Kilikuwa kidole, cha pili baada ya gumba. Mwiba wa mtende ulimwingia shambani Al Qabil, mwezi mzima sasa, na hakuusikia. Sukari ilikuwa imeshamtia ganzi nyayo zote mbili, hata angekanyaga kaa la moto angejua kwa kuona moshi. Siku ile alitazama chini chooni akaona damu juu ya vigae, akajiuliza nani kachinja kuku humu. Tangu hapo kidole kikawa kinageuka rangi, leo chekundu, kesho cha zambarau, na juma hili kimekuwa cheusi nchani kama tende iliyosahauliwa juani. Hakikumuuma hata kidogo. Hilo ndilo lililomtia hofu, kwa sababu cha kaka yake nacho hakikuuma. Kaka yake aliingia hospitali Nizwa na kidole kisichouma, akatoka hana mguu kuanzia goti, na kabla ya mwaka kwisha wakamzika.

Kwa hiyo Thuwaini alikata shauri. Hakuna daktari atakayekiona kidole hiki. Mwenye kisu akikiona atakata, na akishaanza kukata hajui pa kuachia.

Kila asubuhi alijifungia chooni, akaosha kwa maji ya chumvi, akafunga kitambaa, kisha akaishika soksi juu ya chetezo mpaka ikajaa moshi wa udi, ndipo akaivaa. Binti yake Ghada, aliyezaliwa huku Omani na kusomea hukuhuku, alimwuliza mara moja tu.

"Baba, kwa nini unavaa soksi na joto hii? Mguu yako inauma?"

"Joto hili. Mguu wako unauma," alimsahihisha. "Hauumi. Sijambo."

Ghada alikuwa na kazi benki na hakuwa na muda wa kubishana na mzee juu ya soksi. Lakini alikuwa na muda wa kumwandikisha kwenye ule mpango.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Kituo cha afya cha mtaa, hapo Ibra, kiligundua kwamba wanaume hawaji kutibiwa. Wanawake huja, watoto huletwa, lakini mwanamume huja akiwa amebebwa. Basi wakasema, kama wanaume hawaendi kituoni, kituo kiende waliko wanaume. Na wanaume wako sablani, kwenye ukumbi wa ukoo, ambapo watu hukutana kwa harusi, kwa tanzia na kwa kutazamana tu. Kila Jumatatu baada ya alasiri akawa anakuja muuguzi, kijana mpole akiitwa Nadhir, na mizani, na kile kidude cha kutoboa kidole kupima sukari. Watu wapimwe, watembee pamoja mpaka wadini, kwenye mto mkavu, na kurudi, kisha wakae wazungumze yaliyomo vifuani. Mlangoni wakabandika tangazo: mpango huu ni kwa wanaume wote wa mtaa, waliozaliwa hapa na waliozaliwa nje.

Thuwaini alisimama mbele ya tangazo lile mpaka miwani ikamteleza puani. Nje! Babu yake alizaliwa nyumba ya nne kutoka hapo. Yeye mwenyewe alizaliwa Malindi, Unguja, ndiyo, akaletwa na miaka kumi, baada ya mapinduzi, na kanzu moja na homa. Miaka sitini amekula tende za nchi hii, thelathini na mbili katika hiyo ameitumikia serikali kwenye maji na umeme kule Maskati. Kastaafu, karudi kujenga kwenye kiwanja cha babu yake. Na bado yuko nje.

"Siendi," alimwambia Ghada.

"Baba, ukikosa kwenda watasema umeona haya."

Binti huyo hakuzijua ngeli, lakini alimjua baba yake. Thuwaini akaenda.

Aliyekuwa akimimina kahawa pale sablani alikuwa Humaid. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Alijipa mwenyewe, kwa sababu anayeshika dele la kahawa ndiye anayeamua nani anywe mwanzo na nani asubiri. Mtu wa miaka sitini na minane, mwembamba, mgumu kama kamba ya mnazi, hajawahi kulala nje ya Ibra zaidi ya siku mbili. Kaka yake Thuwaini alipokuwa hai alikuwa akisema kwamba Humaid hata akilala huota Ibra.

Jumatatu ya kwanza Thuwaini alivua makubadhi mlangoni, akapanda kizingiti na soksi zake. Humaid akasimamisha dele hewani.

"Tazameni!" akasema kwa Kiarabu, kwa sauti ya kuita mbuzi. "Mzinjibari anaingia sablani na soksi. Ya Thuwaini, huku tunaingia na nyayo tulizozaliwa nazo. Au zako umeziacha kwa Waafrika?"

Watu wakacheka. Upande wa kulia walikaa wao, waliozaliwa hapa, na upande wa kushoto wakakaa waliozaliwa nje, na hakuna aliyewapanga. Nadhir alikuwa ameandaa hotuba fupi juu ya udugu, akaitoa, na ikaanguka katikati ya mkeka ikakaa hapohapo.

"Zangu zina adabu," Thuwaini alimjibu. "Hazitaki kuona uso wako."

Huko nyuma, karibu na mlango, Zakariya alimvuta mkono. Zakariya alikuwa mtu wa Mkunazini, Unguja, rafiki yake tangu Maskati, mnene, mwenye pua isiyodanganyika.

"Bwana we," alimnong'oneza kwa Kiswahili, "umefukiza udi mguu kama bibi harusi. Kuna nini humo?"

Hakuna aliyekuwa karibu nao ila Humaid, ameinama juu ya sinia ya vifinjani, na Humaid hahesabiki. Kwa miaka yote wameshasema mbele yake. Kiswahili kilikuwa chumba chao, wanaingia wanafunga mlango, na Mwarabu wa Ibra anabaki nje anatazama ukuta.

"Kidole cha pili, mguu wa kulia, kimeoza," Thuwaini akasema bila kushusha sauti. "Cheusi. Usimwambie mtu."

"Kimeoza? Thuwaini! Nenda hospitali, ndugu yangu."

"Nikatwe kama kaka yangu? Bora nife na miguu miwili."

"Sukari haina mchezo."

"Na mimi sina mchezo. Nyamaza, bata huyu anakuja na kahawa yake."

Humaid alifika, akammiminia finjani, kidogo tu, nusu ya alizowamiminia wengine. Akamtazama machoni, akaitazama soksi, akaenda zake.

Ikawa ndiyo desturi yao ya kila Jumatatu. Humaid hurusha jiwe lake la Kiarabu mbele ya watu wote, nao wawili humchambua kwa Kiswahili nyuma ya migongo ya watu, tena kwa raha. Walimwita bata. Walimwita ufagio wa chelewa kwa ajili ya ndevu zake. Siku ya kutembea wadini, Thuwaini aliposema goti linamsumbua akabaki, Humaid alitangaza kwamba Wazinjibari wana magoti ya siagi, na Zakariya akasema, "Mwache, bwana, akitembea mbele tunapata kuona kanzu ilivyomwingia nyuma." Wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Humaid hakugeuka. Aliendelea kumimina.

Kuna jambo moja lazima lielezwe hapa. Huko Sharqiya, mkoa wenye Ibra, watu wakikutana huulizana khabari, na jibu lake ni moja: hakuna khabari, khabari njema. Hata kama umetoka kumzika mtoto, kwanza unasema hakuna khabari. Ukishakunywa kahawa ndipo unaweza kusema la kweli, ukitaka. Na waliotoka Unguja wana yao. Mtu anakufa kitandani, ukimwuliza hujambo, anakujibu sijambo. Nadhir, maskini, alifundishwa kuuliza, "Una tatizo lolote?" Akauliza watu ishirini na mbili, kwa majuma matatu, na kwenye karatasi yake akaandika mara sitini na sita: hakuna.

Jumatatu ya nne alikuja na sura ya mtu aliyegombezwa na mkubwa wake.

"Leo, ammi zangu, tunatazama nyayo. Kila mwenye sukari."

Thuwaini akauvuta mguu wa kulia ndani zaidi ya kanzu. Sablani mtu hukaa na miguu ameikunja chini yake. Kumnyooshea mwenzio wayo ni kumtukana, watu wamegombana miaka kwa wayo mmoja. Basi Nadhir akapita kwa magoti, mtu kwa mtu, na kila mmoja alichungulisha mguu chini ya kanzu kwa siri kama anayetoa rushwa. Thuwaini alihesabu watu waliobaki. Sita. Wanne. Jasho lilimtiririka chini ya kofia. Udi wa soksi na harufu ya kilicho chini yake vilikuwa vinapigana, na safari hii udi ulikuwa unashindwa. Zakariya alikuwa amegeuzia uso dirishani.

"Ammi Thuwaini, zamu yako."

"Mimi nilishatazamwa."

"Wapi?"

"Maskati. Juzi. Daktari mkubwa. Sina kitu."

"Hakuna kidonda? Ganzi? Rangi kubadilika?"

"Hakuna khabari, mwanangu. Khabari njema."

Nadhir alimtazama, akatazama soksi. Alikuwa kijana aliyelelewa vizuri, na aliyelelewa vizuri hamvui mzee soksi kwa nguvu. Akaandika: hakuna. Akasogea kwa mtu wa pili.

Thuwaini akapumua. Raha ilimpanda kama mtu aliyevuka barabara kuu mbele ya lori. Na raha ndiyo iliyomponza, kwani mtu akiponea chupuchupu huota ulimi. Humaid alikuwa amefika mbele yao na dele, akimiminia Zakariya, na Thuwaini akamnyooshea kidevu.

"Mtazame huyu," akasema kwa Kiswahili, kwa sauti nzuri ya barazani. "Miaka sitini na minane hajui kumsalimu mtu. Mimi nimeshajua kwa nini. Huyu hana mama, bwana. Huyu kaokotwa zizini, na mwenye zizi hakumtaka."

Dele likaanguka. Kahawa ikatapakaa juu ya mkeka, ikamfikia Nadhir magotini.

"Mama yangu alikuwa bora kuliko ukoo wako mzima," Humaid akasema. "Mshenzi we. Huna haya, umri wote huo?"

Ilimchukua Thuwaini muda kujua nini kilichokuwa si sawa katika maneno yale. Aliyasikia yote, akayafahamu yote. Kisha akaona uso wa Zakariya, mdomo wazi, na ndipo akajua. Humaid alikuwa amesema Kiswahili. Tena si cha kuokoteza sokoni. Kilikuwa cha Pemba, kile cha wanawake wa zamani, laini, kilichoshuka kwenye sabla ile ya Ibra kama kanga iliyotandazwa mahali pasipostahili.

"Wewe…" Thuwaini akasema.

"Mimi bata, siyo? Mimi ufagio. Mimi kanzu imeniingia nyuma. Endelea, mbona umenyamaza? Kila neno nimelisikia. Miaka kumi nawasikia, nyie wawili, mnaniramba kisogo mkidhani mimi ni ukuta."

Upande wa kulia watu walikuwa wamesimama. "Humaid," mmoja akauliza kwa Kiarabu, "unasema nini? Hiyo lugha gani?" Walikuwa wamekua naye, wameoa siku moja naye, na walikuwa wakimtazama kama mtu aliyevua ngozi mbele yao. Huyu ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema Mzinjibari, na wa mwisho kuacha.

Humaid alimwinamia Thuwaini, karibu mno, pumzi zake zina iliki.

"Vua soksi."

"Ondoka mbele yangu."

"Vua soksi, waone. Kidole kimeoza, cheusi. Usimwambie mtu. Sikumwambia mtu! Juma la kwanza nimesikia, la pili nimenusa, la tatu nimenusa zaidi. Nikasema moyoni, mwache. Mwache aoze. Kikipanda mpaka gotini ndiyo tutaona atakanyaga wapi Mzinjibari huyu. Ningenyamaza, wallahi. Ningekuja mazikoni kwako na ningekula wali. Lakini umemtaja mama yangu."

Kisha akamgeukia Nadhir na kusema kwa Kiarabu, taratibu, kama anayesoma hati. "Kidole cha pili, mguu wa kulia. Kimekufa. Ana mwezi anakificha. Mvue huyu soksi."

Thuwaini alijaribu kuinuka. Mikono ikamshika mabegani, hakujua ya nani, ya watu wa kulia au wa kushoto. Mmoja wao alikuwa Zakariya, analia.

"Niwie radhi, ndugu yangu. Niwie radhi."

Nadhir akaivua soksi. Kitambaa kilikuwa kimegandamana na nyama. Harufu ikatoka, na watu wazima ishirini, wachungaji na wachinjaji wa Idi, wakafunika pua kwa mikono ya kanzu. Nadhir hakufunika. Aliuweka mguu ule juu ya paja lake, akaubonyeza hapa na pale, akafuata kwa kidole mstari mwekundu uliokuwa umeshapita kifundo.

"Ammi," akasema, "leo. Si kesho. Leo hii."

Humaid alikuwa ameshatoka nje. Viatu vyake aliviacha mlangoni.

Hospitalini hapo Ibra walikata vidole viwili. Daktari alimwonyesha Thuwaini kwenye picha jinsi sumu ilivyokuwa ikipanda. "Wiki moja zaidi," akasema, "tungekata hapa," na akapitisha kalamu gotini, palepale walipomkata kaka yake. Thuwaini akaitazama kalamu mpaka ikatiwa mfukoni. Mguu wake ulikuwapo. Aliutazama chini ya shuka, ukivimba kwa bandeji, na kila alipoutazama alimwona Humaid. Hilo lilimkera kuliko dawa zote. Mtu aliyeungoja mguu wake uoze ndiye aliyemwachia huo mguu, na hakuna namna ya kumshukuru mtu kama huyo bila kutaka kumtemea mate.

Siku ya tatu Humaid akaja. Alisimama mlangoni, hakukaribia kiti. Ghada alikuwa ameshuka kununua maji.

"Salamu aleikum."

"Aleikum salamu."

"Khabari?"

"Hakuna khabari."

"Khabari njema," Humaid akamalizia, maana lazima imaliziwe. Kisha akahamia Kiswahili, kama mtu anayeingia chumba asichokipenda. "Wamekata vingapi?"

"Viwili."

"Nilidhani mguu."

"Ulitumai."

"Nilitumai." Akakuna ndevu. "Mama yangu akiitwa Mabruka. Mtu wa Wete. Baba alikwenda kwenye karafuu akarudi naye. Nje ya nyumba hakuruhusiwa kusema lugha yake, ndani alikuwa akisema na mimi tu, jikoni, mlango umefungwa. Akanambia, mwanangu, wakikuuliza, sema hujui. Nikasema sijui. Nimesema sijui mpaka nimekuwa mzee." Alikuwa akizungumza na dirisha. "Sikuja kukutazama wewe. Nimekuja ulijue jina. Siku nyingine ukimtukana, umtukane kwa jina lake, si wa zizini."

Thuwaini alivuta shuka, akaufunika mguu.

"Mungu amrehemu Bi Mabruka," akasema.

"Usimtaje."

"Si umenipa jina mwenyewe?"

"Nimekupa ulijue. Sikukupa ulitumie." Akageuka kuondoka. "Na mimi sikusamehe."

"Wala mimi. Majuma matatu, Humaid! Ulimimina kahawa majuma matatu unaunusa mguu wangu."

"Na kahawa ulikunywa."

Alikutana na Ghada mlangoni, akampisha bila salamu.

"Baba, nani hiyo? Rafiki yako?"

"Huyo," Thuwaini akasema. "Nani huyo. Hapana."

Alirudi sablani baada ya Jumatatu sita, na fimbo, na kandambili ya hospitali mguu mmoja. Mlangoni tangazo lilikuwa lilelile, ila mtu alikuwa amekwangua maneno yote ya baada ya "wa mtaa". Ndani watu walikuwa wamekaa kulia na kushoto vilevile. Ni Humaid tu aliyekuwa hana upande. Wenziwe wa kulia walikuwa wamemwachia nafasi pana kidogo, kama anavyoachiwa mtu mwenye kikohozi, na dele la kahawa lilikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Alikuwa amekaa mwisho wa mkeka, mgongo ukutani, karibu na mlango.

Thuwaini akavua kandambili kizingitini. Akaingia na nyayo alizozaliwa nazo, zilizobaki.

"Ammi Thuwaini, khabari?" Nadhir akauliza, kalamu tayari.

Mdomo ulikuwa umeshajipanga kusema lilelile. Akaufunga. Akajishusha kwa fimbo mpaka chini, pale mwisho wa mkeka, akakaa uso kwa uso na Humaid.

"Ipo khabari," akasema kwa Kiarabu, watu wote wasikie. "Ganzi imepanda mpaka kifundoni. Tazama."

Na akaunyoosha mguu. Hakuufunika kwa kanzu wala hakuupitisha pembeni. Aliunyoosha wote, wayo mbele, vidole vitatu na kovu jekundu, moja kwa moja kwenye uso wa Humaid. Nadhir akapiga magoti, akaushika.

Humaid hakusogea. Aliutazama wayo ule kama mtu anayetazama mfereji aliousikia unavuja, muda mrefu, hatua moja kutoka puani mwake.

"Kisigino," akasema hatimaye, kwa Kiswahili, kwa sauti ileile ya kuita mbuzi, na watu wa kulia wakageuza shingo. "Mwambie atazame na kisigino, mpumbavu we. Pana ufa."